Kufunga Antena ya Redio Koli Katika Gari la Milimani

Hotuba iliyosomwa na wajumbe wa wafanyakazi wa reli mbele ya mkutano wa madereva na mafundi, mjini Kisii



  Huenda wengine wenu wanaulizana, watu wa reli wana neno gani la kusema hapa Kisii, mahali ambapo hapana reli hata futi moja? Swali hilo ni la haki. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, nayo haikupanda kuja katika milima hii. Chai ya Nyamira, ndizi za Kisii na mawe ya Tabaka yote hutoka kwa barabara mpaka leo.

Lakini kazi ya reli si garimoshi peke yake. Magenge ya njia huenda kazini kwa Landrover na Landcruiser, na ndani ya gari mna redio ya kuitana, ile ambayo watu wengi huiita redio koli. Neno moja likifika kwa wakati, garimoshi husimama na watu hupona. Neno lisipofika, ni msiba. Kwa sababu hiyo sisi wa reli tumelazimika kuijua antena kama mkulima anavyolijua jembe lake. Hayo ndiyo tuliyoleta leo, na twataka yawafae ninyi mnaoendesha magari ya wagonjwa, ya majani chai, ya umeme na ya ulinzi katika kaunti hizi mbili.

1. Kwa nini redio, na kila mtu ana simu mfukoni?

Simu ya mkononi ni chombo kizuri, wala hatuidharau. Lakini simu humfikia mtu mmoja, na redio huwafikia wote waliofungua njia ile kwa kubonyeza kifungo mara moja. Tena simu hutegemea mnara. Umeme ukikatika kwa muda mrefu na betri za mnara zikaisha, simu ni kipande cha kioo tu. Redio mbili zilizo ndani ya magari mawili zaweza kusemezana bila mnara wowote kati yao, mradi mawimbi yapate njia.

Hapo penye neno njia ndipo penye taabu ya Gusii. Nchi hii imejaa watu. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,266,860 Kisii na watu 605,576 Nyamira. Lakini imejaa vilima vilevile. Mtu aliye Keroka na mtu aliye Nyamira hawako mbali kwa ndege, ila kati yao pana migongo na mabonde. Ukingo wa Manga peke yake watosha kulizima neno.

Redio nyingi za magari ni za VHF, yaani karibu na megahatsi 150. Mawimbi hayo huenda kama mwanga wa tochi: husonga mbele moja kwa moja, na kilima huyazuia. Ndiyo maana wenye redio huweka mtambo wa kupokea na kurudisha neno juu ya kilima kirefu. Gari likiuona mtambo ule, husikika mbali. Redio za HF, za megahatsi 3 mpaka 30, zina tabia nyingine. Mawimbi yake hupanda juu angani, yakagonga tabaka la hewa yenye umeme, yakarudi chini kama mpira uliodundishwa, tena ng'ambo ya kilima. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 na kujulikana kwa Madaktari wa Ndege, lilitumia redio za namna hii kuunganisha hospitali za mbali na Nairobi.

Basi swali la kwanza la fundi ni hili: gari hili lina redio ya aina gani? Asipojua, asishike kekee.

2. Urefu wa antena si mapambo

Wengi hudhani antena ndefu ndiyo yenye nguvu. Si hivyo. Antena ni kama uzi wa zeze: kila sauti ina urefu wake. Hesabu yake ni nyepesi, mtu wa darasa la saba aiweza. Chukua 300, gawanya kwa megahatsi za redio, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Kwa megahatsi 150 wimbi ni mita 2. Antena ya kawaida ya gari ni robo ya wimbi, yaani sentimita 50, na kwa kweli hukatwa pungufu kidogo, kama sentimita 47 au 48. Kwa redio za UHF za megahatsi 450, robo ni kama sentimita 16 tu. Kwa hiyo ukiona kijiti kifupi juu ya gari usikicheke. Labda ndicho kilicho sawa.

Kwa HF mambo hubadilika. Megahatsi 7 ina wimbi la mita 43 hivi, na robo yake ni karibu mita 11. Hakuna gari la kubeba mlingoti huo katika barabara ya Kebirigo. Kwa hiyo hutengenezwa fimbo ya mita 2 au 3 yenye koili ndani yake, na koili hiyo huijaliza ile sehemu iliyopungua. Nguvu nyingine hupotea kuwa joto, lakini neno hufika. Mkitaka kuitana HF na mtu aliye karibu ng'ambo ya kilima, fimbo ikiinamishwa kwa nyuma na kufungwa hupeleka mawimbi mengi juu zaidi, nayo hushuka karibu.

3. Bati la gari ni nusu ya antena

Neno hili twaomba mlishike kuliko yote. Ile fimbo mnayoiona ni nusu tu. Nusu ya pili ni bati la gari lililo chini yake. Fimbo bila bati ni kama mtu anayetaka kuruka akiwa amesimama majini.

Kwa hiyo mahali pema pa antena ya VHF ni katikati ya paa, penye bati la sentimita 50 kila upande. Hapo gari husikika sawasawa mbele, nyuma, kulia na kushoto. Ukiifunga kwenye kona ya nyuma kushoto, nguvu nyingi itaelekea mbele kulia, yaani upande wenye bati jingi. Dereva atasikika akienda Kisii na asisikike akirudi, naye atadhani redio ina mashetani.

Bampa ya mbele ni mahali pabaya kwa VHF, kwa kuwa boneti na kibanda cha gari huziba njia. Keria ya chuma juu ya paa nayo huleta taabu. Antena iliyo chini ya keria au iliyobanwa kati ya vyuma vyake ni kama mtu anayesema akiwa amefunikwa sufuria. Ikiwa hapana budi kuifunga kwenye keria, basi ifungwe ipite juu ya kila chuma na juu ya mizigo, na keria yenyewe iunganishwe na mwili wa gari kwa utepe wa shaba. Gari lenye paa la turubai au la faiba halina bati la kutosha. Hapo fundi huweka sahani ya bati ndani ya paa, au hununua antena iliyotengenezwa kwa kazi ya namna hiyo.

Fimbo ndefu ya HF ni nzito, wala haifai kuwekwa juu ya paa jembamba. Ifungwe nyuma, kwenye bampa au kwenye pembe ya mwili wa gari, juu ya chuma kinene chenye bolti, na chini yake pawe na springi. Barabara zetu za ndani zina mashimo, na miti ya mikaratusi imeinama pande zote mbili. Fimbo isiyo na springi huvunjika, au hung'oa bati.

4. Landrover ya zamani na hila yake

Wengi wenu mna Landrover za zamani. Gari hilo lilianza mwaka 1948, na Waingereza waliliundia mwili wa alumini kwa kuwa chuma kilikuwa haba kwao baada ya vita. Jambo hilo lina maana kwetu hata leo. Sumaku haishiki alumini. Zile antena zenye kitako cha sumaku, ambazo muuzaji husifu kwamba hazihitaji tundu, zitaanguka kabla hamjafika Suneka. Kwenye Landcruiser yenye paa la chuma sumaku itashika, lakini tawi la kwanza laweza kuichukua, na mchanga ulio chini yake hukwangua rangi. Sumaku yafaa kwa siku moja ya haja. Gari la kazi latoboliwa tundu.

Ukitoboa alumini, kumbuka kwamba alumini na shaba au chuma vikikutana penye maji huliana. Na hapa maji si haba: mvua ya nchi hii yapita milimita 1,500 kwa mwaka. Kwa hiyo kwangua rangi chini ya kitako mpaka bati ling'ae, tumia bolti na washa zisizoshika kutu, paka grisi, weka raba ya kuzuia maji, kisha zungushia gundi ya silikoni kwa nje. Ndani ya paa weka sahani ya pili ya kulitia bati nguvu. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu dogo la antena lisilozibwa huharibu dari, huloanisha waya, na mwisho huua redio yenyewe.

Jambo la pili la Landrover ni kwamba vipande vya mwili vimefungwa kwa bolti, na kati yake mna rangi na uchafu. Jicho laona gari moja, lakini umeme waona mabati mengi yasiyojuana. Funga tepe bapa za shaba iliyosukwa kutoka boneti hadi mwili, kutoka mwili hadi chesisi, na kwa HF hata kwenye bomba la ekzosi. Makelele ya injini yatapungua na antena itapata bati lake kamili.

5. Waya wa antena na waya wa betri

Waya wa antena una moyo wa shaba katikati, na kinga ya shaba iliyosukwa kuuzunguka. Uwe wa omu 50 kama redio inavyotaka. Usiutumie ule wa televisheni, maana huo ni wa omu 75. Usiupitishe penye mlango unaoubana, wala karibu na ekzosi. Kabla haujaingia ndani ya gari, acha uning'inie kidogo uwe kama kitanzi, ili tone la mvua lidondoke hapo lisifuate waya. Usiwe mrefu kupita haja. Ule mwembamba, katika mita 5, hula karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu ya VHF. Soketi ilehemiwe vizuri. Kinga ikikatika ndani ya soketi, kwa macho hutaona kitu, na redio itakuwa bubu.

Waya wa umeme utoke kwenye betri yenyewe, usitoke kwenye kiberiti cha sigara. Fyuzi iwe karibu na betri, ili waya ukikwaruzwa fyuzi iungue badala ya gari. Redio ya VHF ya wati 25 hula kama ampea 5 au 6 inaposema. Ile ya HF ya wati 100 hula kama 20. Tena tazameni kwanza: malori mengi na magari mengine yana volti 24, na redio nyingi ni za volti 12. Pasipo kipunguza volti, redio mpya itatoa moshi siku ya kwanza.

6. Pima, usikisie

Kazi ikiisha, fundi asiseme "sikia, inaongea" akaenda zake. Kuna mita ndogo ya kupima nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, mafundi huiita mita ya SWR. Peleka gari mahali pa wazi, mbali na ukuta wa mabati na mbali na miti. Funga milango na boneti. Pima. Ikisoma 1 kwa 1 ni ukamilifu. Chini ya 1.5 ni vizuri. Ikipita 2, kazi haijaisha. Ikifika 3, robo nzima ya nguvu inarudi nyuma kwenye redio, na hiyo ndiyo huziua redio.

Pima kwenye njia ya chini kabisa na njia ya juu kabisa mnazoruhusiwa. Ikiwa njia ya chini yasoma vizuri kuliko ya juu, antena ni ndefu mno. Kata milimita 2 au 3, upime tena. Ikiwa kinyume chake, ni fupi. Kwa hiyo kata kidogokidogo, maana chuma kilichokatwa hakioti. Kisha andika hesabu zile katika kitabu cha gari pamoja na tarehe. Kitabu hicho ni shahidi wa dereva, kama tutakavyoeleza.

Dereva mmoja tumjuaye, hatutamtaja wala hatutamtaja mwajiri wake, alipelekwa usiku wa mvua kumchukua mama mja mzito. Gari likanasa matopeni. Akaita kwa redio mara nyingi asijibiwe, na simu haikuwa na mtandao bondeni. Mama alijifungua garini, mikononi mwa muuguzi, na kwa rehema za Mungu yeye na mtoto walipona. Asubuhi dereva akapewa barua: eleza kwa nini ulizima redio. Hakuizima. Wenzake wa chama walikwenda na mita mbele ya msimamizi. Antena ilikuwa imefungwa kwenye bampa, kinga ya waya imekatika ndani ya soketi, na mita ilipita 3. Barua ikafutwa. Fikirini, ndugu, kama pasingekuwa na mita, neno la nani lingesadikiwa?

7. Hatari za kazi hii

Ya kwanza ni nyaya za umeme. Nyaya za barabarani huchukua volti 11,000 au 33,000, na nyingine zimelegea. Fimbo ndefu ya HF ifungwe chini gari linapokwenda, na isisimamishwe mahali popote penye waya juu. Fundi asimame chini, atazame juu, ndipo apande.

Ya pili ni radi. Hatuna haja ya kuwafundisha Wagusii habari za radi. Mawingu yatokayo upande wa ziwa mwayajua, na makaburi ya waliopigwa mwayajua. Hakuna kazi ya juu ya paa wakati wa ngurumo. Hesabu kutoka mwako hadi sauti: kila sekunde 3 ni kilomita moja. Ikiwa ni sekunde 30 au pungufu, shuka, na usipande tena mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ndani ya gari la bati lililofungwa vioo ni salama kuliko chini ya mti, lakini usishike maiki wala mlango wa chuma.

Ya tatu ni redio yenyewe. Mtu akiwa juu ya paa, asiyekuwapo juu asibonyeze kifungo. Antena inayosema huchoma kidole. Watu wakae angalau mita 1 mbali nayo. Na kwenye kituo cha petroli, wakati wa kujaza, redio inyamaze.

8. Sheria na haki yetu

Redio koli bila leseni ni kosa. Sheria ya habari na mawasiliano ya mwaka 1998 ndiyo inayosema, na leseni na masafa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Leseni ni kazi ya mwenye gari, si ya dereva. Lakini polisi akisimamisha gari, aliye kwenye usukani ndiye wa kuulizwa. Kwa hiyo dereva ana haki ya kuuliza, "Bwana, nakala ya leseni iko wapi?" Huo si ujeuri.

Vilevile sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi na kuwafundisha kazi anayowapa. Nayo yatutaka sisi kutoa habari ya hatari tunayoiona. Sheria nyingine ya mwaka huohuo ni ya fidia kwa anayeumia kazini. Dereva akiambiwa apande paa lenye maji, bila ngazi, kufunga antena asiyofundishwa, huyo hapewi kazi, anapewa ajali.

Basi twapendekeza tawi lenu lipeleke maombi manne kwa waajiri, kwa adabu na kwa maandishi. Kwanza, kila gari lipelekwalo usiku lenye redio lipimwe kwa mita kila miezi mitatu, na hesabu ziandikwe kitabuni. Pili, antena ifungwe na fundi aliyefundishwa, akiwa na ngazi na vifaa. Tatu, dereva afundishwe kwa saa chache jinsi ya kukagua: kitako kimekaza, waya haujabanwa, soketi haina maji. Nne, asiandikiwe mtu barua kwa sababu ya redio kabla redio na antena hazijapimwa mbele ya mjumbe wa chama.

Hayo si madai ya fedha nyingi. Mita moja yaweza kutumiwa na magari ya kaunti zote mbili kwa zamu, na tawi likitaka kununua yake, sisi wa Kisumu tu tayari kuja Jumamosi mbili kuwafundisha vijana wenu kuisoma. Twataka tu barua ya mwaliko na chai ya Nyamira.

Ndugu zetu, mgonjwa aliye ndani ya gari hajui habari za omu wala megahatsi. Yeye ametutumaini tu. Tukikaza bolti moja vizuri, tumeilinda roho yake na mkate wa dereva pamoja.  Mwenye swali na aulize.